Mama Lishe Aliyeogopa Kukonda

Mwezi uliopita nilikaa kwenye benchi la kliniki hapa Shinyanga, kadi yangu ya presha mkononi, nikisubiri kuitwa kama watu wengine. Mlango wa chumba cha ushauri ulikuwa wazi. Ndani, kijana mmoja wa lishe, shati limenyooshwa vizuri, alikuwa akimwambia mama mwenye umri wa kumzaa kwamba mizani haidanganyi, kwa hiyo anayedanganya ni yeye. Yule mama akatoka ameinamisha kichwa, akapita mbele yetu sote tuliokuwa tumesikia. Siku hiyo presha yangu ilipimwa mara mbili, nesi akidhani mashine imeharibika.

Haikuharibika. Nilikuwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo ilinihusu mimi, kwa sababu maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya mtu aliyefaulu mitihani, niliwahi kuyasema. Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano, baada ya miaka mingi ya kupandisha watu kwenye mizani na kuwashusha. Ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi hii sasa, nawaomba mnisikilize kabla sijazeeka nikaanza kujisifu.

Nilianzia Mhunze, wilayani Kishapu. Wakati huo kazi ya lishe Kishapu ilikuwa watoto waliokonda. Tulikuwa na mizani ya kuning'iniza, mtoto anavalishwa kikaptula cha kitambaa anabembea analia, unasoma kilo huku umekojolewa. Mtu mzima mnene alikuwa mtu aliyebarikiwa. Akifika ofisini tulimpa kiti. Chuo kikuu nilisoma habari za unene kama mtu anavyosoma habari za theluji. Nikafaulu vizuri, na ndio ulikuwa mwanzo wa matatizo.

Nilipohamishiwa ukanda wa dhahabu, Geita, nikakabidhiwa kliniki ya watu wenye sukari na mzigo wa vipeperushi. Kipeperushi kilikuwa na picha ya tufaha, bakuli la shayiri, na kipande cha samaki wa rangi ya waridi ambaye Ziwa Victoria halijawahi kumwona. Chini kiliagiza kukimbia nusu saa kila siku. Nilivigawa vyote. Nilimpa hata mama mmoja mwenye kidonda mguuni. Nilimpa karatasi ya kumwambia akimbie.

Mama huyo aliitwa Mama Kulwa. Alikuwa mtu wa Kishapu kama nusu ya ukoo wangu, umri wetu karibu sawa, na alikuwa na kibanda cha chakula kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, mwendo wa pikipiki kutoka kliniki. Alikuwa na mwili mkubwa, sukari iliyopanda, na kidonda chini ya mguu wa kushoto ambacho kilikataa kufunga. Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba sukari na uzito visiposhuka, mguu huo utakatwa. Kisha akamleta kwangu.

Nikamuuliza anakula mara ngapi kwa siku. Akasema mara moja, jioni, akishafunga. Na mchana? Mchana anapika, hali. Nikamtazama jinsi alivyojaa kwenye kiti, nikatabasamu tabasamu la msomi, nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika kwenye kadi yake: *Mgonjwa si mkweli kuhusu ulaji.* Nikamrudishia kadi. Mama Kulwa alikuwa amemaliza darasa la saba, na alijua kusoma.

Baada ya wiki sita akarudi amepungua kilo kumi na moja. Vijana, nilishangilia. Nilimsimamisha mbele ya benchi zima, nikawaambia akina mama wengine wampigie makofi, wakapiga. Nilitamba kwamba huo ndio utii wa maelekezo. Sikumuuliza amefanyaje. Mizani haikuuliza na mimi sikuuliza.

Aliyeuliza alikuwa Mama Tabu, nesi wetu mkuu, mwanamke mfupi aliyeanza kazi kabla yangu na ambaye elimu yangu haikuwahi kumtisha. Alikuwa akimfunga kidonda, akaona midomo imekauka na ngozi ya mkono ukiifinya hairudi haraka. Akanijia chumbani.

"Msomi," akasema, "mtu akipungua hivi, ama amefiwa, ama anaharishwa. Huyu hajafiwa."

Ilikuwa chai. Mnajua ninyi chai gani, maana bado inauzwa. Siku ya mnada alikuja jamaa na kipaza sauti na mwavuli, ametundika picha mbili za mwanamke, kabla na baada. Hata masikio ya wale wanawake wawili hayakufanana. Ilikuwa dawa ya kuharisha iliyofungwa kwenye pakiti yenye jani la kijani. Mama Kulwa, akiwa na kadi yenye maneno yangu mekundu mfukoni, aliona afadhali aharishe kuliko kuitwa mwongo mara ya pili. Nikitaka kumlaumu yule wa mwavuli, na namlaumu mpaka leo, nalazimika kukumbuka ni nani aliyempelekea mteja.

Kliniki mbili zilizofuata hakuja. Alipokuja, kilo zote zilikuwa zimerudi na mbili juu. Kidonda kilikuwa kimepanuka. Nikaanza hotuba. Nilifika kwenye neno uvivu, akanyanyua mkono kama mwanafunzi.

"Hazikurudi zenyewe, daktari. Nilizirudisha."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Nilikunywa uji wa karanga asubuhi na jioni mpaka nikarudi mwili wangu. Nilipokonda, wachimbaji waliacha kula kwangu. Walisema nimekanyaga waya."

Kwa msiokaa machimboni: kukanyaga waya ni kuupata ule ugonjwa ambao kule hautajwi kwa jina. Na fikirini wenyewe walichokiona. Mpishi anakonda wiki hadi wiki, mashavu yanaingia ndani, na mara kumi kwa siku anaacha mwiko anakimbilia choo. Nani angekula pale? Sahani zilipungua, akabaki akiwapikia nzi. Mama lishe machimboni, mwili wake ndio bango lake la biashara. Akiwa mnene, chakula kinaaminika. Hilo halikuwemo kwenye kipeperushi, na chuoni hakuna mhadhiri aliyelitaja.

"Na mguu?" nikamuuliza.

"Mguu ukikatwa nitapika nimekaa," akasema. "Wakiacha kula, nitampikia nani?"

Mama Tabu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kopo la bandeji, akaja mezani, akachukua kalamu yangu nyekundu, akaitia mfukoni mwa gauni lake. Akaniambia nisimuulize tena mtu anakula nini. Nimuulize jana alipoamka alifanya nini, kisha akafanya nini, mpaka alipolala, na chakula kitajitokeza chenyewe njiani kama mbuzi. Na kama nikishindwa kuuliza, niende nikaone. Hiyo ndiyo elimu yote ya lishe niliyo nayo, vijana. Mengine ni mapambo.

Nikaenda siku yangu ya mapumziko, nyuma ya bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno. Niliwaza kwamba nitakaa pembeni na daftari. Mama Kulwa alinipa kisu na beseni la vitunguu.

Nikaona. Alikuwa na sufuria tano motoni. Kila moja aliionja kwa kudondoshea mchuzi kwenye kiganja: chumvi imekolea, maharage yameiva, nazi imekubali. Nilihesabu maonjo mpaka thelathini na kitu, nikaacha. Ulipopakuliwa wali, ukoko ulibaki chini ya sufuria, naye akaula akiwa amesimama, kwa sababu kutupa chakula hawezi na mteja hapewi ukoko. Lakini sahani hakupakua, mikono hakunawa, chini hakukaa. Kwake huko kulikuwa kupika. Ningeulizwa mimi mwenyewe, mtoto wa Msukuma, kama mama yangu alikuwa anakula akionja mboga, ningecheka. Hakunidanganya hata neno.

Usingizi nao. Alikuwa akilala kwa muda wa saa nne tu usiku, maana wachimbaji wa zamu wanapotoka shimoni alfajiri wanataka chai na chapati papo hapo. Mtu asiyelala njaa yake haina breki. Hilo nililisoma, na sikuwahi kumuuliza mgonjwa hata mmoja analala kwa muda gani.

Kisha ikaja soda. Machimboni shimo linaitwa duara, na mwenye duara akipata mawe mazuri huwanunulia soda watu wote waliokuwa karibu naye, wa kwanza akiwa mpishi aliyemlisha kabla hajashuka. Lazima uinywe mbele yake na uimalize. Ukiibakiza, umeibakiza bahati yake. Siku hiyo alitoka mmoja, wanamwita Kitochi kwa sababu ya simu yake ndogo ya tochi, amejaa udongo mpaka kwenye kope, anacheka. Akaiweka soda mbele ya Mama Kulwa, akasimama. Ilikuwa ya tatu kwake tangu asubuhi, kutoka maduara matatu.

Hapo mtaalamu nikaona nafasi yangu. Nikasimama na kisu cha vitunguu nikasema kwa sauti ya semina, "Kaka, badala ya soda, kwa nini usimnunulie maji?"

Kitochi akaacha kucheka.

"Unaniombea maji duarani?"

Sikuelewa. Mzee mmoja aliyekuwa anatafuna akanieleza polepole, kama anaongea na mtoto, kwamba duara la kwanza la Kitochi lilijaa maji, akapoteza pampu, kamba na miaka miwili. Maji ndiyo kitu ambacho mchimbaji hakitaji siku ya mawe. Kabla mzee hajamaliza, Mama Kulwa alikuwa ameinua chupa na kuishusha tupu, kuniokoa mimi. Hivyo ndivyo ushauri wangu wa kwanza machimboni ulivyomfanya mgonjwa wa sukari anywe soda nzima kwa mkupuo.

Kitochi akamuuliza huyu ni nani, mganga wako? Watu wakacheka. Mama Kulwa angeweza kusema mimi ni shemeji yake kutoka Kishapu, yakaishia hapo. Alifuta mikono kwenye kanga, akaweka mguu wa kushoto juu ya kigoda, bandeji ikaonekana.

"Ni mtu wa lishe, wa kliniki," akasema. "Nina sukari, Kitochi. Mguu huu usipopona unakatwa. Ule mwezi mlionikimbia nilikuwa nakunywa dawa ya kuharisha niliyouziwa mnadani, pale kwenye mwavuli. Sasa nitakonda tena, pole pole, nanyi mtaniona. Anayeogopa kula kwa mtu anayekonda ahame leo, nijue kesho nichemshe kilo ngapi."

Hakuna aliyehama papo hapo, maana sahani zilikuwa zimejaa. Yule mzee akasema mama yake naye ana sukari. Mwingine akauliza kama ni kweli sukari haiambukizi kwa kijiko. Nikapata la kujibu ambalo kwa mara ya kwanza siku hiyo lilikuwa na manufaa. Kitochi ndiye aliyebaki ameshika kiuno.

"Na bahati yangu nitaiweka wapi, Mama Kulwa? Kwenye bandeji?"

"Utaninunulia yai la kuchemsha. Kiini chake kina rangi ya unachokitafuta."

Akafikiri sana, kama anayepimiwa mchanga kwenye mzani wa dhahabu. "Ulimalize."

"Nitalimaliza."

Sitaki mwondoke mkidhani yai ndilo lililomponya. Daktari alibadilisha dawa zake, na Mama Tabu alikisafisha kile kidonda mara mbili kwa wiki bila kukosa. Bila hayo ningekuwa nasimulia habari nyingine. Lakini dawa ilikuwa inamwagwa kwenye gunia lililotoboka, na matobo yale aliyaziba mwenyewe. Kazi ya kuonja chumvi aliwapa wateja: anayefika wa kwanza ndiye muonjaji wa siku, wakaanza kugombania, kuna aliyekuwa anakuja saa nne asubuhi kuwahi cheo. Ukoko akaumwagia maharage juu, ikawa sahani, wakaulizia. Na saa sita mchana, kabla ya kumpakulia mtu, akaanza kufanya kitu ambacho nadhani hakuwahi kukifanya tangu awe na kibanda: alinawa, akakaa, akala. Bonge dogo la ugali wa mtama, nsansa, yale majani ya kunde makavu aliyoletewa kutoka kwao, na kipande cha sato wetu wa kawaida. Nilimkuta siku moja anakula, akaniambia anajisikia kama mgeni.

Chai ya alfajiri akapatana na jirani yake wa kibanda cha pili wabadilishane, wiki huyu, wiki yule. Akawa analala. Kukimbia hatukukutaja tena. Kidonda kilipofunga alianza kutembea kwenda gengeni mwenyewe badala ya kuagiza bodaboda. Uzito ukashuka kilo moja kwa mwezi, miezi mingine hakuna kitu. Kwenye benchi hakuna aliyempigia makofi, niliyakataza. Wateja wachache walihama wiki ile ya kwanza, na wawili ninaowajua walirudi, kwa sababu maharage ya pale yalikuwa matamu, na kwa sababu mtu aliyesema ugonjwa wake kwa mdomo wake hana cha kunong'onewa.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo ninapokasirika. Mwisho wa mwaka ikaja fomu: mgonjwa aliyefanikiwa, sababu za mafanikio. Nafasi ya kuandika ilikuwa mstari mmoja. Niliandika *elimu ya lishe iliyotolewa kliniki.* Nilijua kwamba nilichotoa kliniki kilikuwa tufaha, samaki wa waridi na matusi kwa kalamu nyekundu. Nikasomewa jina kikaoni, nikainama kwa unyenyekevu kama askofu. Mwongo wa kliniki ile alikuwa mimi, kwa maandishi, na hakuna aliyeniandikia hivyo kwenye kadi yangu.

Mnapenda hesabu za kilo zilizoshuka. Nendeni mkawatafute wale waliozishusha, mwaka wa tatu. Kushuka, kila mtu akitishwa hushuka. Kubaki pale ndiko kunakohitaji mtu mzima mzima, na usingizi wake, wakwe zake, kazi yake, na jinsi majirani wanavyomtazama. Na karibu wote kuna siku watapanda tena, kwa sababu maisha yana misiba. Swali la kazi yenu ni moja: siku hiyo atakuja kwako, au atakukimbia? Wangu wengi walinikimbia. Mmoja, mwalimu, alikuwa akiniona sokoni anageukia upande wa nyanya. Nilifikiri ana haraka. Niliposikia habari zake tena alikuwa wodini, na hakuwa akiona vizuri. Nilikuwa nimemwambia, mara ya mwisho alipopanda kilo nne, kwamba amenipotezea muda. Maneno hayo nilimwambia mtu aliyekuwa amefiwa na mume mwezi mmoja kabla. Sikuwa nimemuuliza jana alipoamka alifanya nini.

Mama Kulwa alifiwa na mama yake mwaka wa tatu. Alikwenda Kishapu kuzika, akakaa msibani wiki nyingi. Mnajua msiba wa kwetu: unakula kinacholetwa, wakati kinapoletwa, hulali, na anayekataa ubwabwa anaonekana ana neno na marehemu. Nilisikia kwa Mama Tabu kwamba amerudi machimboni. Siku ya kliniki yake ilikuwa bado, na kwa nilivyowazoea watu sikutegemea kumwona.

Alikuja Jumatatu, siku ambayo si yake, akasimama mlangoni kabla sijafungua madaftari. Amejaa tena usoni, amechoka, kitenge cheusi.

"Mwangaluka, Bwana Lishe. Nimepanda kilo sita, au saba. Nimekuja kabla hazijawa kumi."

Nikaitikia kwa Kisukuma chetu, nikamwambia pole na msiba, mayu. Nikamvutia kiti. Nikamuuliza jana alipoamka alifanya nini, akaanza kunieleza, na alipofika kwa mama yake akalia kidogo, nami nikaacha kalamu. Alipomaliza akasimama mwenyewe, bila kuambiwa, akavua ndala, akapanda kwenye mizani. Sikuangalia namba kwanza. Niliangalia chini: miguu miwili, vidole kumi.